Watoke Wote, Ila Mmoja

Nani ameguna? Wewe? Sijasema hata neno moja, umeshaguna. "Paka na chui hawakai nyumba moja." Ulikuwepo? Juzi tu umeacha kukojoa kitandani, leo unajua nani alikaa na nani? Ukitaka kubisha, mbuzi yuko nje, kabishane naye, atakuitikia. Ukitaka kusikia, kaa kitako, kunja miguu, na usinitolee macho.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walifua nguo zao na kuzianika kambani, paka alikaa kwa chui. Tena jikoni. Walikuwa ndugu, ila ndugu wa mbali, wale wa kukumbukana kwenye msiba.

Bwana Chui alikuwa na mke, Bi. Chui, na mtoto mmoja mtundu, jina lake Madoa, ambaye kazi yake kutwa nzima ilikuwa kumvuta Paka mkia. Alikuwa pia na dada yake mkubwa, Shangazi Mwashamba, aliyekuja kutembea siku tatu akakaa miaka miwili. Huyo Shangazi ndiye aliyewazidi wote kwa umbo na kwa sauti. Akisema, ukoo umesema. Akikohoa, masufuria yanatetemeka.

Na Paka? Paka alichambua mchele, akafukuza panya ghalani, akambembeleza Madoa mpaka akalala. Kwa hiyo hakuna aliyemwona. Ndivyo ilivyo. Kazi ikifanyika hakuna anayeuliza nani kaifanya. Siku isipofanyika ndipo jina lako linaitwa.

Basi Paka akajifungua. Watoto wanne, ndani ya kapu, nyuma ya mafiga, mahali penye joto. Wakawa wanalia: nyii, nyii, nyii! Paka akawalamba mmoja mmoja, akajisemea, "Mna sura mbaya kama baba yenu, lakini ni wangu."

Siku ya tatu, Jumatatu, alikuwa jikoni anapepeta mchele, mara akasikia sauti ya Shangazi sebuleni.

"Baba Madoa! Nyumba hii ni ya chui au ya paka?"

"Ya chui, dada."

"Mbona nikigeuka huku nyau, nikigeuka kule nyau? Yeye mmoja tulimvumilia. Sasa ni watano. Mwakani watakuwa ishirini. Tutalala wapi, juu ya paa?"

"Kweli, dada," akasema Bwana Chui.

"Kweli, wifi," akasema Bi. Chui.

"Basi Ijumaa tukishakula, tunakaa kikao, tunapitisha, wanatoka. Paka mwenyewe abaki, ana faida. Watoto nimeshawapatia mlezi. Fisi amejitolea kuwalea."

Ungo ukamtoka Paka mkononi. Pwaa! Mchele ukatapakaa jikoni kote.

Fisi! Fisi awalee wapi, tumboni? Kila mtu alijua Fisi alivyomlea yule kifaranga yatima. Alimlea kuanzia asubuhi mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Paka akaokota mchele punje moja moja. Kupigana hawezi, Shangazi angemkalia tu, basi. Kukimbia na watoto wanne hawezi. Una mdomo mmoja, unabeba mmoja, watatu unamwachia nani? Akaokota, akafikiri. Akaokota, akafikiri. Punje ya mwisho ilipoingia kwenye ungo, alikuwa amepata la kufanya.

Sasa nyinyi sikilizeni jambo hili, maana siku hizi adabu mnaitupa na maganda. Mtoto akipewa jina la mtu, yule mtu ni somo yake. Somo hampigi somo yake, wala hamfukuzi, wala hamli. Na mtoto akipewa jina la mama yako aliyekufa, basi huyo ni mama yako. Humkaripii. Ukimkuta kamwaga uji wote sakafuni, unasema, "Pole, mama, umeungua?" Chui walikuwa wakali, lakini jambo hilo walilishika kuliko yote.

Paka akaanza na Bwana Chui. Alimkuta uani, amejinyoosha juani, anajisugua mgongo ukutani.

"Bwana, shikamoo."

"Marahaba. Chakula tayari?"

"Bado. Nimekuja na neno, lakini naogopa kulisema."

"Sema."

"Basi, si kitu." Paka akageuka kama anaondoka.

"Paka! Nimesema sema!"

"Ni yule mtoto wangu wa kike, bwana. Mwenye mistari shingoni. Kila nikimtazama moyo unanipiga paa! Amefanana na marehemu mama yako."

Bwana Chui akaacha kujisugua. "Mama? Mama yangu Sikudhani?"

"Kidevu ni kilekile. Na akishiba anageukia ukutani, hataki kusemeshwa."

"Lo! Mama huyo!" Bwana Chui akakaa wima. "Ndivyo alivyokuwa! Akishiba alitugeuzia mgongo!" Akafuta pua. "Mama alikufa sijamletea nyama yangu ya kwanza, unajua? Nilikuwa njiani nayo."

"Najua, bwana. Ndiyo maana nilitaka kumpa mtoto jina lile, lakini nikasema ni jina kubwa mno, mimi ni mtu wa jikoni."

"Mpe! Mpe leo hii!" Kisha akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Ila usimwambie dada. Atasema nimelainika kama boga."

"Siri yako ni yangu, bwana."

Kesho yake asubuhi Paka akamfuata Bi. Chui kwenye kamba ya nguo. Akamsaidia kukamua shuka, huyu ncha hii, yule ncha ile. Maji: churururu!

"Bibi, yule mtoto wangu mwenye kifua kipana ananishangaza. Hajafumbua macho, tayari anatembea kama mwenye shamba."

"Mh."

"Nikasema, mwendo huu nimeuona kwa nani? Nikakumbuka. Mzee Feruzi, baba yako."

Bi. Chui akaacha kukamua shuka.

"Baba yangu," akasema Bi. Chui polepole. "Unajua tangu niolewe humu ndani hakuna aliyemtaja baba yangu kwa uzuri? Huyu bwana akimtaja, anasema tu yule mzee mchoyo."

"Mimi ningempa mtoto jina hilo, bibi. Ila kama utaona nimevuka mpaka..."

"Mpaka gani! Aitwe Feruzi!" Akamkamata Paka mkono, maji yakamtiririka hadi kiwikoni. "Lakini mume wangu asijue. Hawakupatana hata siku moja. Sikia, Ijumaa nitasema watoke, siwezi kumpinga wifi. Watatoka watatu. Baba atabaki."

"Siri yako ni yangu, bibi."

Akabaki Shangazi Mwashamba.

Paka alizunguka mlango wake mara tatu kabla hajabisha hodi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Kacha! Kacha! Kacha! Kila ganda lilipopasuka, Paka alihisi ni kichwa cha mtoto.

"Shikamoo, Shangazi. Umependeza leo, hata maji ya kisima yameng'aa kwa..."

"Usinilambe," akasema Shangazi. "Sikutoka tumboni leo. Unataka nini?"

Paka akayatupa maneno yote matamu aliyoyapanga. Akaona hakuna njia ya kona kwa mtu huyu.

"Nataka mwanangu asiliwe," akasema.

Kacha! Shangazi akatafuna karanga. "Wako wanne."

"Nimekuja kwa mmoja. Yule wa kike, mwenye sikio moja jeupe. Mkorofi. Ukimweka kapuni anatoka. Ukimrudisha anakuuma. Hanyonyi mpaka awasukume wenziwe wote waanguke chali, na akishashiba bado anawakalia."

Shangazi akaacha kubangua.

"Anawakalia?"

"Kabisa."

"Na akilia?"

"Halii, Shangazi. Anafoka."

Ganda moja la karanga likaanguka mkekani, ti. Shangazi akatazama mikono yake mikubwa. Alikuwa amezika waume wawili, hakujaliwa mtoto, na katika ukoo ule wote wenye watoto tele wanaoitwa Sikudhani na sijui nani, hakuna aliyewahi kumwita mwanawe Mwashamba. Walimwogopa. Mtu humpi mwanao jina la mtu unayemwogopa.

"Umeshampa jina?" akauliza, anatazama ukuta.

"Nilikuja kuliomba."

"Hm! Watu watacheka."

"Watacheka mbele yako?"

Shangazi karibu acheke, akajizuia, ikatoka kama kikohozi. Masufuria yakatetemeka. "Haya. Lakini nisikie! Mimi nilisema watoke, na neno langu silimezi tena. Watatoka. Ila huyo somo yangu. Na ukimwambia mtu kabla ya Ijumaa, nitakukalia wewe."

"Siri yako ni yangu, Shangazi."

Paka akarudi jikoni. Watatu wamepata wenyewe. Akatazama kapuni. Wa nne, mdogo kuliko wote, wa kijivu, alikuwa amelala chali na ulimi umetoka nje kidogo. Hana mistari shingoni, hana kifua, hana sikio jeupe. Hafanani na mtu yeyote. Na watu wazima nyumbani mle walikuwa watatu tu, wamekwisha.

"Wewe nikupeleke kwa nani?" Paka akamwuliza.

Yule mtoto akapiga mwayo.

Jumatano Paka akafikiri. Hakuna. Alhamisi akafikiri, akaunguza mboga. Hakuna. Ijumaa ikafika.

Walipokwisha kula, wakakaa sebuleni. Kapu likawekwa katikati. Hata kikao hakijafunguliwa, mlangoni, "Hodi! Hodi wenyewe! Hi-hi-hi!" Fisi huyo, amechana nywele, kabeba gunia begani na kifurushi mkononi.

"Karibu," akasema Bwana Chui. "Kifurushi cha nini?"

"Chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Ya... ya kuwaogeshea. Watoto wachanga ngozi yao haitaki mchezo."

Na mate yakamdondoka, to, to, sakafuni. Paka akasogea karibu na kapu.

Shangazi akakohoa. "Hatuna maneno mengi. Nyumba imejaa. Watoto wa Paka watoke. Nani anapinga?"

"Hakuna," akasema Bwana Chui. "Watoke wote." Akakuna shingo. "Ila mmoja."

"Ila mmoja?" Shangazi akamkazia macho.

"Yule mwenye mistari. Yule... ni mama."

"Mama nani?"

"Mama yetu! Anaitwa Sikudhani! Unataka nimtie mama kwenye gunia la Fisi? Haya mtie wewe, dada, mimi laana siitaki!"

Shangazi akaikunja mikono. Mama alikuwa mama yake pia.

"Basi wabaki watatu wa kutoka," akasema Fisi upesi. "Watatu wanatosha."

"Wawili," akasema Bi. Chui.

Mumewe akageuka. "Wawili vipi?"

"Yule mwenye kifua ni baba yangu. Anaitwa Feruzi."

"Feruzi! Mzee Feruzi ndani ya nyumba yangu! Yule aliyekataa kuitikia shikamoo yangu miaka minne?"

"Ulikuwa unaitoa huku unatafuna!"

"Nyamazeni!" akanguruma Shangazi. Fisi akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, uso ukamshuka. Shangazi akajitazama mapajani, akajiondolea ganda la karanga ambalo halikuwepo.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja nini, dada?"

"Anayetoka ni mmoja. Huyu wa sikio jeupe anaitwa Mwashamba. Mwenye la kusema asimame nimwone."

Hakuna aliyesimama. Yule Mwashamba mdogo akapanda ukingo wa kapu, akamfokea Fisi: "Hhhsss!" Fisi akarudi nyuma hatua mbili.

"Hata mmoja si haba," akasema Fisi, akafungua mdomo wa gunia. "Nipeni huyo wa kijivu. Huyo hana jina la mtu. Au ni babu wa nani?"

Bwana Chui akatazama dari. Bi. Chui akatazama kucha zake. Shangazi akasema, lakini si kwa ukali wa siku zote, "Neno nilishalitoa. Mmoja lazima atoke."

Paka akasimama.

Akamchukua wa kwanza, akampakatisha Bwana Chui. "Mama yako huyo." Akamchukua wa pili, akampakatisha Bi. Chui. "Baba yako." Wa tatu akampa Shangazi. "Somo yako." Kisha akamwinua yule wa kijivu kwa ukosi.

"Na huyu ni wangu," akasema. "Mmesema mmoja atoke, anatoka. Natoka naye mimi mama yake. Hao wengine ni wenu, mmewapa majina wenyewe. Hawajaacha ziwa. Mtawanyonyesha."

Akashika njia ya mlangoni. Fisi akataka kumfuata. Paka akamgeukia, kucha zote nje, na kusema kweli, huyo Mwashamba mdogo hakuutoa mbali ule ukali. Fisi akagundua kuwa ana jambo la kutazama upande wa pili wa sebule.

Nyuma ya Paka mambo yakaanza.

"Nyiii!" Sikudhani.

"Nyaaa!" Feruzi.

"Hhhsss!" Mwashamba.

"Mama, nyamaza," akabembeleza Bwana Chui. "Mama, tafadhali. Ala! Ananing'ata tumbo! Mama, mimi ni mwanaume, humo hamna kitu!"

"Baba!" akapiga kelele Bi. Chui. "Baba ameniharibia khanga mpya! Baba, shuka! Lete kitambaa! Kitambaa kiko wapi humu ndani?"

"Anajua Paka!"

"Paka!"

Shangazi hakupiga kelele. Alikuwa ameinua mkono mmoja juu, na kwenye kidole cha mkono ule alining'inia somo yake, meno yamezama. "Wifi," akasema taratibu, "nitoleeni huyu mtoto."

"Mtoe mwenyewe, wifi, ni somo yako!"

Na Madoa naye, aliyekuwa anacheza uani, akaingia, akaona mkia wa Paka unatoka mlangoni, akajitupa chini, akalia kwa sauti iliyowazidi wote. Atavuta mkia wa nani?

Bwana Chui hakuweza kustahimili. "Paka, rudi!"

Paka akasimama kizingitini. "Nirudi na nani?"

"Na wewe!"

"Mimi na nani?"

"Na huyo wa kijivu! Rudi naye! Dada, sema naye!"

Shangazi akamtazama Paka. Akatazama kapu. Akamtazama nduguye, na wifi yake, na watoto waliowang'ang'ania. Macho yake yakawa madogo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Paka. Kwangu ulikuja Jumanne jioni."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa wifi?"

"Jumanne asubuhi."

"Kwa ndugu yangu?"

"Jumatatu."

"Na kila mmoja ukamwapisha asimwambie mwenziwe."

"Mimi? Sikumwapisha mtu. Mlijiapisha wenyewe. Huyu alikuonea haya wewe, yule akamwonea haya mumewe, nawe ukawaonea haya wote. Mimi nilisema tu, siri yako ni yangu."

Loo! Hata Madoa akasahau kulia. Bwana Chui akaanza kuvimba masharubu. Bi. Chui akashika mdomo. Paka akambana mwanawe wa kijivu kifuani, akasubiri kukaliwa.

Kisha Shangazi Mwashamba akacheka. Kwaa! Kwaa! Kwaa! Sufuria mbili zikaanguka kabisa. "Mtu mmoja wa jikoni," akasema, machozi yanamtoka, "ametuzungusha chui watatu kama uji kwenye chungu! Fisi!"

"Naam, Shangazi?"

"Kunja gunia lako."

"Na chumvi?"

"Kailambe njiani."

Fisi akatoka na hakuaga. Paka akangoja mpaka nyayo zake zikapotea, ndipo akauliza, "Na wa nne?"

"Abaki. Neno langu nimelimeza, na tena lina ladha mbaya. Jina lake nani?"

"Hana bado, Shangazi. Jina lataka kufikiriwa, na mimi tangu nijifungue sijapata nafasi ya kujikuna sikio." Akaenda, akamlaza yule wa kijivu kwenye paja la pili la Shangazi, lile lililokuwa tupu. "Huyu haumi. Ukimkuna chini ya kidevu anatulia. Bwana, mama yako mwinamishe hivyo, atacheua. Bibi, kitambaa kiko msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, kimekuwa pale miaka yote."

"Unakwenda wapi?" wakauliza wote watatu pamoja.

"Nje."

"Kufanya nini?"

"Kulala juani. Wakilia sana kwa njaa, mniite. Wakilia kidogo, ni wenu."

Basi shikeni hili, nyinyi wenye midomo ya kuguna: mwenye nguvu hutoa amri, lakini nyumba ni ya yule anayejua mtoto analilia nini.

Paka akajinyoosha, mgongo ukalia ko! Akatoka, akaufunga mlango.